Wimbo Ukiwa na Jikoni Lake

Karo iliponishinda niliacha chuo, nikauza laptopu, nikabaki na simu. Pesa ya makala yangu ya kwanza ilienda kwa SunVox, programu ya muziki ya Mrusi Alexander Zolotov. Nikaifungua, nikaona namba na herufi zinateremka kama risiti ya supamaketi. Nilijuta kidogo, bana.

Risiti hiyo imenizidi umri. Mwaka 1987 Mjerumani Karsten Obarski alitoa Ultimate Soundtracker kwa kompyuta za Amiga. Amiga ilikuwa na chaneli 4 tu za sauti, kwa hivyo ngoma, besi na melodi ziligombania nafasi. Ukitaka noti tatu zilie pamoja kwa chaneli moja, unazipiga mbiombio, moja baada ya nyingine, hadi sikio lidanganyike. Ujanja wa mtu asiye na kitu, huo naujua.

Kilichonishika zaidi ni faili lake, MOD. Lilibeba noti pamoja na sampuli za sauti. Yaani ukipewa wimbo umepewa na jikoni: unaona kila noti, unachomoa ngoma, unaitia kwa wako. Vijana wa Ulaya walipeana hizo diski, wakasomeshana bila darasa. MP3 ukipewa, wewe ni kusikiza tu.

SunVox, iliyotoka 2008, bado hufungua MOD, na imeongeza vyombo unavyounganisha mwenyewe kwenye skrini. Usiku mmoja nilifungua kazi ya mtu nisiyemjua, nikazima chombo kimoja kimoja hadi ikabaki besi. Besi iliyonitesa wiki nzima. Noti 3.