Mimi Nani?

Sisi tuliokulia kwenye nyumba za Kiswahili hapa Wadi Kabir tunayajua haya. Mtu anapiga hodi, bibi anauliza, "Nani?" Anajibiwa, "Mimi." Bibi wala hainuki: "Mimi nani?"

Swali hilo leo linalinda hata maji ya bomba. Wazee wetu wengi walirudi kutoka Unguja baada ya 1970. Mwaka 1976 mtambo wa Ghubra ukaanza kutoa chumvi kwenye maji ya bahari, na mpaka leo Maskati inakunywa bahari. Mitambo kama hiyo inaendeshwa na kompyuta zinazofungua vali na kuzima pampu. Shida ni kwamba kompyuta humtii yeyote anayejua kuamuru.

Uongo wa kwanza kuvuma ulikuwa wa mashine kwa mtu. Virusi vya Stuxnet, vilivyogunduliwa 2010, viliharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, huku skrini zikionesha mambo shwari.

Mwaka 2017 ikawa zamu ya jirani zetu, Saudia. Virusi vya Triton viliingia kwenye mitambo ya usalama ya kiwanda cha kemikali, vikijifanya programu ya kawaida ya mitambo hiyohiyo. Wavamizi walikosea, kiwanda kikajizima chenyewe. Na mitambo ile ilikuwa na ufunguo wa mkono wa kuzuia programu isibadilishwe. Ulikuwa umeachwa wazi.

Halafu ikaja akili bandia. Mwaka 2019 mkuu wa kampuni ya nishati Uingereza alituma yuro 220,000 kwa sababu alisikia sauti ya bosi wake, na lafudhi yake ya Kijerumani. Bosi hakuwa amepiga. Pale zilikwenda pesa tu. Sasa fikiria sauti hiyo inampigia fundi wa zamu saa nane usiku: "Nipe paswedi, haraka!"

Kinga yake si ya ajabu. Kata simu, upige mwenyewe namba unayoijua. Amri kubwa wathibitishe watu wawili. Ufunguo ugeuzwe, utolewe. Geji ikaangaliwe kwa macho, si kwenye skrini tu. Na bosi asimkasirikie fundi aliyemuuliza.

Nyumbani pia, sauti zetu zimejaa WhatsApp. Kubalianeni swali ambalo familia tu inajua jibu lake. Bibi hatashangaa.