Injini za Redio

Mwaka 1946 Japani ilikuwa imeshindwa vita. Treni zilifurika watu na petroli ilikuwa ya mgao. Mjini Hamamatsu, Soichiro Honda akapata shehena ya injini ndogo zilizotengenezwa kuzalisha umeme wa redio za jeshi, akaanza kuzifunga kwenye baiskeli. Tangi la kwanza la mafuta lilikuwa chombo cha maji ya moto cha kupashia kitanda. Petroli ilipokosekana, ilichanganywa na mafuta ya misonobari. Mkewe, Sachi, alikuwa miongoni mwa waliozijaribu barabarani.

Injini hizo zilipokwisha ndipo Honda akaunda ya kwake, mwaka 1947, ya cc 50.

Nakumbuka habari hii kila ninapompelekea fundi pikipiki yangu kuukuu inayonifikisha chuoni. Mnyororo umelegea, plagi imeingia masizi, na spea tunaichomoa kwenye pikipiki iliyokufa. Wapo wanaouita ufundi huu kubangaiza, na wangependa uondoke mjini. Lakini kiwanda kikubwa kuliko vyote vya pikipiki duniani kilianza hivyo hivyo: mtu, spana, na chuma ambacho wengine walikwisha kukitupa.