Mandhari mwana: Njia salama ya kubadilisha sura ya tovuti

MTU anayefungua tovuti ya shule, chama cha wafugaji au duka mjini Garissa siku hizi haanzi na ukurasa mtupu. Huchukua programu iliyo tayari, akachagua sura iliyobuniwa na wengine, kisha akaigeuza ilingane na mahitaji yake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoziponza tovuti nyingi, kwani aliyeigeuza sura kwa njia isiyofaa hujikuta baadaye akilazimika kuchagua kati ya kazi ya mikono yake na marekebisho ya kuwazuia wadukuzi.

Ufumbuzi wa tatizo hili upo na hauhitaji fedha. Unaitwa mandhari mwana, na yeyote anayeweza kuhariri faili la maandishi anaweza kujifunza kuutumia.

Mandhari ni nini?

Programu inayotumiwa zaidi duniani kujenga tovuti ni WordPress. Ilianzishwa 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza, hutolewa bila malipo, na leo ndiyo inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote.

Katika WordPress, maandishi na habari huwekwa kwenye hifadhidata, ilhali sura ya tovuti hukaa kwenye folda yake ya pekee iitwayo mandhari. Mpangilio huo uliletwa na toleo la 1.5 mnamo Februari 2005. Mfano wake wa karibu ni nyumba ya wafugaji wa Kisomali, ambayo fito zake hufunikwa kwa mikeka: mikeka ikibadilishwa, waliomo ndani hawahami. Vivyo hivyo, mwenye tovuti anaweza kubadilisha rangi, aina ya herufi na mpangilio wa kurasa bila kupoteza hata habari moja aliyoiandika.

Kosa linalorudiwa

Chukua mfano wa shule ya upili ya bweni mjini Garissa. Mwalimu wa somo la kompyuta anaweka mandhari ya bure, kisha anafungua faili la header.php, ambalo hutawala sehemu ya juu ya kila ukurasa. Humo anatia nembo ya shule na utepe wa matangazo ya basari na karo. Katika faili la style.css anabadilisha rangi ziwe zile za sare ya shule. Kazi inapendeza na mwalimu mkuu anaisifu.

Miezi mitatu baadaye, watunzi wa mandhari hiyo wanatoa toleo jipya lenye kuziba ufa wa kiusalama. Mwalimu anabonyeza kitufe cha kusasisha. WordPress inaiondoa folda ya zamani na kuweka mpya mahali pake. Utepe, nembo na rangi vinatoweka. Mzazi aliye Masalani au Dadaab anayefungua ukurasa kutafuta siku ya mwisho ya kurudisha fomu za basari halioni tena tangazo.

WordPress yenyewe huonya katika ukurasa wa masasisho kwamba mabadiliko yaliyofanywa ndani ya mafaili ya mandhari yatapotea. Lakini onyo hilo ni mstari ambao wengi huuruka, na tangu Agosti 2020 mwenye tovuti anaweza kuruhusu mandhari zijisasishe zenyewe, pasipo mtu wa kusoma onyo lolote.

Madhara makubwa zaidi hufuata. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: mwalimu anarudia kazi yake, kisha anaapa kutosasisha tena. Kuanzia hapo tovuti inapendeza machoni, lakini mlango wake wa nyuma uko wazi.

Kwa nini masasisho yasikwepwe

Agosti 2011 iligunduliwa kwamba programu ndogo ya kupunguza ukubwa wa picha, TimThumb, ilikuwa na ufa uliomwezesha mtu wa mbali kupakia mafaili yake kwenye seva na kuyaendesha. Programu hiyo ilikuwa imefungashwa ndani ya mandhari nyingi, na wengi waliozitumia hawakujua kwamba wanayo. Tiba ilitolewa upesi, lakini ilimfaa tu aliyekuwa tayari kusasisha.

Kenya nayo ina historia yake. Januari 2012, zaidi ya tovuti 100 za serikali zilidukuliwa kwa mkupuo mmoja na sura zake zikabadilishwa. Juni 2019, tovuti nyingine kadhaa za serikali zilivamiwa. Njia za wadukuzi hutofautiana, ila programu iliyopitwa na wakati ni miongoni mwa milango wanayoijaribu kwanza. Aghalabu hawachagui tovuti kwa jina. Hutuma programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikitafuta ufa unaojulikana. Tovuti ya shule ndogo haisalimiki kwa udogo wake.

Mandhari mwana hufanyaje kazi?

Mandhari mwana ni folda ya pili, ndogo, inayokaa kando ya mandhari iliyotoka kwa watunzi, ambayo sasa huitwa mandhari mama. Mwana hurithi kila kitu kutoka kwa mama, isipokuwa yale ambayo mwenye tovuti ameyaandika upya.

WordPress inapojenga ukurasa, hutazama kwanza folda ya mwana. Ikikuta humo faili la header.php, hulitumia hilo na kuliacha la mama. Isipolikuta, huchukua la mama. Sasisho linapokuja, folda ya mama pekee ndiyo inayobadilishwa. Folda ya mwana haiguswi, na mabadiliko ya mwenye tovuti hubaki salama pamoja na kinga mpya.

Faili moja halifuati kanuni hiyo, nalo ni functions.php. Faili hili la mwana haliondoi la mama. Yote mawili husomwa, la mwana likitangulia. Kwa hiyo si sahihi kunakili functions.php nzima ya mama na kuitia kwa mwana, kwani amri mbili zenye jina moja zinaweza kugongana na tovuti nzima ikazimika.

Hatua za kuitengeneza

Kwanza, chukua nakala ya akiba ya tovuti yote, yaani mafaili pamoja na hifadhidata, na uihifadhi nje ya seva inayobeba tovuti hiyo.

Pili, ndani ya folda ya wp-content/themes, fungua folda mpya. Desturi ni kutumia jina la mama na kuongeza neno child. Ikiwa mama ni twentytwentyone, mwana ataitwa twentytwentyone-child.

Tatu, ndani yake tengeneza faili la style.css. Mwanzoni mwake, kati ya alama /* na */, andika mistari miwili: wa "Theme Name:" ukifuatwa na jina lolote upendalo, na wa "Template:" ukifuatwa na jina la folda ya mama. Jina hilo la pili lazima lifanane na la folda herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja humfanya mwana asimjue mama yake.

Nne, tengeneza faili la functions.php lenye amri ya kupakia mitindo ya mama na ya mwana. Baadhi ya mandhari hufanya sehemu ya kazi hiyo zenyewe, kwa hiyo ni vyema kusoma kwanza maelezo ya watunzi wake. Miongozo ya zamani ilipendekeza amri ya @import ndani ya style.css. Njia hiyo imeachwa kwa kuwa huchelewesha ukurasa kufunguka, jambo ambalo anayetumia simu kwenye mtandao hafifu hulihisi mara moja.

Tano, iwashe mandhari mwana kupitia sehemu ya mwonekano katika ukurasa wa usimamizi, kisha kagua menyu na visanduku vya pembeni. Baadhi ya mipangilio huhifadhiwa kwa kila mandhari kivyake, na huenda ikahitaji kupangwa upya.

Sita, hamisha mabadiliko moja baada ya jingine. Nakili kutoka kwa mama faili lile tu unalotaka kulibadilisha, na ujaribu tovuti kila baada ya hatua. Kosa dogo kama nukta-mkato iliyosahauliwa katika functions.php linaweza kuifunga tovuti. Tangu toleo la 5.2 la Mei 2019, WordPress humtumia msimamizi baruapepe yenye njia ya kuingia na kurekebisha kosa la aina hiyo, mradi anwani aliyoisajili iwe bado inafanya kazi.

Mtandao unapokatika

Nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa 2009 ziliharakisha intaneti nchini. Hata hivyo, katika Garissa, Wajir na Mandera minara ya simu imeshambuliwa mara kadhaa, na baadhi ya maeneo yakakaa bila mawasiliano. Kuhariri tovuti moja kwa moja kwenye seva katika hali hiyo ni hatari, kwani mtandao ukipotea katikati ya kuhifadhi faili, faili hilo linaweza kubaki nusu.

Mandhari mwana huondoa hatari hiyo. WordPress inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya kawaida kwa msaada wa programu ya bure kama XAMPP, na kazi yote ikafanywa bila intaneti. Ikikamilika, folda hufungashwa kuwa faili moja la zip, ambalo mara nyingi ni dogo kuliko picha iliyopigwa kwa simu, na hupakiwa kwa mara moja mtandao unaporejea.

Lugha na maandishi

Madrasa nyingi za eneo hili huhitaji Kiarabu kando ya Kiswahili, Kisomali au Kiingereza. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na si kila mandhari hukipanga vizuri. Kanuni za kukirekebisha, pamoja na mafaili ya herufi zake, ziwekwe kwa mwana. Tafsiri ya Kiswahili ya maneno yaliyo kwenye vitufe nayo isihifadhiwe ndani ya folda ya mama, kwani itafutwa siku ya sasisho.

Mipaka yake

Mandhari mwana haitibu kila ugonjwa. Faili lililonakiliwa kwa mwana halipokei tena marekebisho ya mama. Ufa ukigunduliwa katika header.php ya mama, ile iliyo kwa mwana itabaki nao hadi mtu airekebishe. Ndiyo maana hunakiliwa machache iwezekanavyo. Mandhari mama nayo isifutwe kamwe, kwa kuwa mwana hawezi kusimama bila mama.

Anayetaka kubadilisha rangi au ukubwa wa herufi pekee hahitaji kufika mbali hivi. Tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016 kuna kisanduku cha kuongeza kanuni za mitindo, na mandhari za vitalu zilizokuja na toleo la 5.9 la Januari 2022 huhifadhi mabadiliko mengi kwenye hifadhidata. Fomu za kuomba basari na kazi nyingine zisizohusu sura zafaa kuwa kwenye programu-jalizi, ili zisipotee mandhari ikibadilishwa.

Mandhari za kulipiwa zinazosambazwa kwa wizi ziepukwe kabisa. Mara nyingi huwa zimetiwa msimbo wa kumfungulia mdukuzi, na hapo mwana hana la kumfanyia mama aliyekwisha kuharibika.

Anayeondoka na anayebaki

Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe katika Kaunti ya Garissa, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji katika eneo hilo. Novemba 2023, na tena kati ya Aprili na Mei 2024, mafuriko ya Mto Tana yaliikata barabara kuu ya kwenda Nairobi upande wa Madogo. Katika nyakati kama hizo fundi hapatikani kwa urahisi, na aliyeijenga tovuti huenda asirudi.

Iwapo mabadiliko yametawanywa ndani ya mafaili ya mama, anayerithi kazi hawezi kujua kipi ni cha watunzi na kipi kiliongezwa. Yakiwa kwa mwana, yote yako mahali pamoja. Kwa hiyo anayekabidhi tovuti akabidhi vitu vitatu: nywila za usimamizi, nakala ya akiba, na folda ya mandhari mwana ikiwa na maelezo mafupi ya kila faili lililobadilishwa na sababu yake. Vyote visiachwe na mtu mmoja, bali vihifadhiwe pia katika ofisi ya mwalimu mkuu au katibu wa chama, na anwani ya baruapepe ya msimamizi ibadilishwe siku hiyo hiyo.