Umepona Ebola, sasa unaumwa nini?

Wenzangu, tarehe 25/06/2020 serikali ilitangaza mwisho wa Ebola kwetu. Tangu 01/08/2018 walihesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Watu 1,171 walipona, wakarudi nyumbani na cheti mkononi. Riposte ikafunga mahema, Beni na Butembo tukapumua.

Lakini ba-vainqueur, ndivyo tunavyowaita waliopona, wengine waliendelea kuumwa: maungo, kichwa, macho yanayoona ukungu, usahaulifu, uchovu unaomwangusha mtu kabla ya kumaliza mstari mmoja wa maharagwe. Mtaani jibu lilikuwa tayari: "Anajifanya tu, anatafuta franga za Riposte." Ao: "Ile ni bulozi."

Na Congo ilishaona mambo haya. Kikwit 1995, baada ya Ebola, waganga waliandika kuhusu waliopona wenye maumivu ya maungo, na wachache walioanza kuvimba ndani ya jicho. Ripoti zilitoka 1999, kisha kimya. Baadaye Liberia walilinganisha waliopona na jamaa zao wa karibu ambao hawakuugua. Kuvimba ndani ya jicho kulikuwa 26% dhidi ya 12%. Uchovu, usahaulifu na maumivu ya maungo pia vilizidi kwa waliopona.

Dokta Ian Crozier, Mmarekani aliyeambukizwa Sierra Leone 2014, alitoka hospitali damu ikiwa safi, halafu virusi vikakutwa ndani ya jicho lake. Jicho na ubongo ni sehemu ambazo kinga ya mwili huingia kwa tahadhari, virusi vinaweza kujificha humo. (Sisi wa agronomia tusishangae: mgomba wenye majani mazuri unaweza kubeba mnyauko.) Butembo tuliona upande mwingine wa kujificha huko Februari 2021: wagonjwa 12, vifo 6, na wa kwanza alikuwa mke wa mtu aliyepona.

Sasa ugonjwa kama huu uwekwe kundi gani? London, 1955, wafanyakazi zaidi ya 200 wa hospitali ya Royal Free waliugua uchovu na maumivu yasiyoisha. Mwaka 1969 OMS iliuweka ugonjwa wa aina hiyo kati ya magonjwa ya neva. Mwaka uliofuata waganga wawili wa akili walisoma mafaili tu, bila kupima wagonjwa, wakasema ni histeria. Neno hilo liliwafuata wagonjwa miaka mingi.

Kwa maoni yangu, kundi la magonjwa ya neva na kinga linawafaa ba-vainqueur kwa sehemu kubwa. Si kwa kila kitu: aliyezika watoto wake huku risasi zinalia Beni ana haki ya kukosa usingizi bila virusi. Ila huzuni haivimbishi jicho.

Kliniki za ufuatiliaji zilifunguliwa Beni, Butembo na Mangina, na zilisaidia kweli. Lakini programu huwa na mwisho. Daftari la kituo cha afya lina mahali pa malaria, pa kuhara, pa homa ya matumbo. Mama akifika leo na magoti yanayouma na kichwa kinachosahau, muuguzi atamwandika wapi?