Safari za nje kwa ajili ya upandikizaji wa uloto

Uloto, ambao wengine huuita uboho, ni nyama laini iliyojaa ndani ya mifupa, hasa ya nyonga, kifua na uti wa mgongo. Humo ndimo zinamotengenezwa chembe nyekundu, chembe nyeupe na chembe sahani za damu. Uloto unaposhikwa na saratani, unapoacha kazi, au unapozalisha damu yenye kasoro ya kurithi, daktari anaweza kuuangamiza kwa dawa kali, pengine pamoja na mionzi, kisha akamtilia mgonjwa seli mama mpya kupitia mshipa. Hospitali zinazotoa tiba hii kusini mwa Sahara ni chache mno. Kwa hiyo Waafrika Mashariki wengi wameijua kama tiba ya ng'ambo, na India ndiko wanakokwenda zaidi.

Tiba hii ina aina mbili. Katika ya kwanza mgonjwa hujitolea mwenyewe: seli zake huvunwa na kugandishwa, naye hurudishiwa baada ya kupewa dozi kubwa ya dawa. Hutumika zaidi kwa saratani za mailoma na baadhi ya limfoma, na haihitaji mtu wa pili. Katika aina ya pili seli hutoka kwa mtu mwingine, na hii ndiyo inayowahusu wagonjwa wa selimundu, thalasemia na leukemia nyingi. Ni nzito zaidi, na makala hii inaihusu hiyo kuliko ile ya kwanza.

Asili yake

Safari za kufuata uloto zina umri karibu sawa na tiba yenyewe. Oktoba 1958 ajali ilitokea katika kituo cha nyuklia cha Vinča, karibu na Belgrade, Yugoslavia, na vijana sita wakapigwa na mionzi. Walisafirishwa kwa ndege hadi Paris, ambako Georges Mathé aliwatilia watano kati yao uloto wa Wafaransa waliojitolea, watu wasio na undugu wowote nao. Mmoja alifariki, waliobaki walirudi kwao. Wataalamu bado wanabishana kama ni uloto huo uliowaponya au ni miili yao iliyojinusuru, lakini njia ilikuwa imefunguka. Marekani, E. Donnall Thomas alikuwa ametangaza majaribio yake ya kwanza mwaka 1957; kazi aliyoiendeleza Seattle ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Kilichokosekana wakati huo ni namna ya kujua uloto wa nani unamfaa nani. Mfaransa Jean Dausset alitoa jibu la kwanza mwaka huohuo wa 1958 alipoeleza alama za utambulisho zilizo juu ya chembe nyeupe, ambazo leo huitwa HLA. Alama hizi zisipolingana, seli mpya zinaweza kukataliwa au, vibaya zaidi, zenyewe zikaanza kuushambulia mwili uliozipokea.

Mtoto Anthony Nolan, aliyezaliwa Australia mwaka 1971 na ugonjwa adimu wa kinga, alipelekwa London na mama yake, Shirley, kutafuta tiba hii. Hakupatikana mtu wa kumfaa, akafariki mwaka 1979. Daftari la watoaji ambalo mama huyo alilianzisha mwaka 1974 lilikuwa la kwanza la aina yake duniani. Leo madaftari ya nchi mbalimbali kwa pamoja yana majina zaidi ya milioni 40.

Kwa magonjwa ya damu ya kurithi, mji uliovuma ni Pesaro, Italia, ambako Guido Lucarelli alipokea watoto wa thalasemia kutoka nchi nyingi tangu miaka ya 1980. Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, walieleza habari za msichana aliyepandikizwa uloto kwa sababu ya leukemia, na selimundu aliyokuwa nayo ikatoweka pia. India ilianza mapema kuliko wengi wanavyodhani: hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai mwaka 1983, na hospitali ya CMC ya Vellore mwaka 1986.

Nani atatoa

Mtoaji anayetafutwa kwanza ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Kila ndugu wa namna hiyo ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Wakiwa wawili, nafasi ya kumpata angalau mmoja anayefaa ni kama asilimia 44. Wakiwa wanne, hufika asilimia 68. Familia kubwa za kwetu zina faida hapa, ila hesabu ni ya damu tu: mtoto wa mama mdogo, hata kama amekula sahani moja na mgonjwa tangu utotoni, mara chache sana hulingana. Ndugu mwenye jeni moja tu ya selimundu, asiyeumwa, anaweza kutoa bila shida.

Kipimo cha HLA kina ncha ambayo haizungumzwi sana. Kinaweza kufichua kwamba watoto wawili hawana baba mmoja. Mshauri mzuri humwita mama pembeni kabla ya damu kuchukuliwa, wala hasubiri majibu yaje kusomwa mbele ya ukoo.

Ndugu wasipofaa, macho hugeukia madaftari, na hapo ndipo Mwafrika anapopunjwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulikadiria kwamba mtu mweupe mwenye asili ya Ulaya ana nafasi ya asilimia 75 ya kumpata mtoaji anayelingana naye kikamilifu katika daftari la nchi hiyo. Mwenye asili ya Afrika ana asilimia 18. Waafrika waliojiandikisha ni wachache, na alama zao za HLA zina aina nyingi kuliko za watu wa mabara mengine. Kwenda Ulaya au Marekani hakumwongezei mgonjwa nafasi hiyo, kwa kuwa madaftari husomwa kutoka popote, na uloto ukipatikana hubebwa na mjumbe kwenye ndege ndani ya kisanduku cha baridi.

Njia iliyobaki ni kutumia mzazi au ndugu anayelingana nusu. Zamani ilikuwa hatari sana. Ilipata nguvu baada ya madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, kuonyesha kuwa dozi ya saiklofosfamidi siku chache baada ya upandikizaji huzituliza seli za mtoaji zenye shari.

Kabla ya kupanda ndege

Bei inayotajwa kwa simu kabla ya kipimo cha HLA ni ya kukisia. Hospitali nyingi hutoza kifungu kimoja kinachohesabu idadi fulani ya siku. Siku zikizidi, au mgonjwa akipata fangasi wa mapafu, ankara huanza upya. Baadhi ya mawakala wa tiba hulipwa kamisheni na hospitali wanayoipigia debe, na mgonjwa ana haki ya kuwauliza wazi. Nyumbani, kamati ya michango hukaza macho kwenye amana ya hospitali na kusahau kwamba watu watatu au wanne watakaa ugenini miezi mitatu au zaidi wakilipa chumba, chakula na dawa za kutwa. Viza ya matibabu ya India huruhusu wasindikizaji wawili. Kwa kawaida mmoja ni mama, na wa pili ni mtoaji mwenyewe, ambaye huenda ni mtoto wa darasa la pili.

Cheti cha homa ya manjano kinastahili maelezo. India huwadai wasafiri watokao Kenya, Uganda na Kongo, miongoni mwa nchi nyingine, nayo chanjo hiyo ina virusi hai. Mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa leukemia au dawa haruhusiwi kuchanjwa; anahitaji cheti cha daktari cha kumwondolea sharti hilo, na ni heri ubalozi uulizwe mapema kuliko kubishana uwanja wa ndege.

Damu nayo ina kanuni yake. Mgonjwa anayetarajia kupandikizwa asitiliwe damu ya ndugu wa karibu, maana mwili wake hujifunza kuzikataa seli za ukoo uleule utakaomtolea uloto. Vijana na wazazi wa watoto waulize pia juu ya uzazi: dawa za maandalizi mara nyingi huleta ugumba, na mbegu za kiume zinaweza kuhifadhiwa kabla, si baada.

Wodini

Siku ya upandikizaji huitwa siku ya sifuri. Kabla yake huja kama wiki moja ya dawa za kuangamiza uloto. Mtoaji hulazwa nusu kaputi na kuchomwa sindano kwenye nyonga, au hupewa sindano za siku nne au tano ili seli zimiminike kwenye damu na kuchujwa kwa mashine. Maumivu hupita, na uloto wake hujijaza tena ndani ya wiki chache. Kwa mgonjwa, tukio lenyewe halina fahari: ni mfuko unaoning'inia kama damu ya kawaida.

Kazi iko baadaye. Kwa wiki mbili hadi nne mgonjwa hana kinga. Hukaa peke yake kwenye chumba chenye hewa iliyochujwa, midomo imejaa vidonda, homa zikija na kwenda, akitiliwa chembe sahani mara kwa mara. Hospitali nyingi za India huitaka familia ilete watu wa kufidia damu iliyotumika, jambo gumu kwa mgeni asiye na jamaa mjini.

Kurudi

Madaktari huhesabu hadi siku ya 100 kabla ya kumruhusu msafiri wa mbali kurudi. Kwa watoto wa selimundu waliopata ndugu anayelingana kikamilifu, zaidi ya 90 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baadaye, na wengi wao wamepona ugonjwa. Takwimu hizo zinatoka kwenye vituo vinavyomwona mgonjwa miaka yote hiyo. Aliyerudi Mwanza au Kisumu bado anameza saiklosporini au takrolimasi, dawa za kuzituliza seli za mtoaji, ambazo kiwango chake kwenye damu lazima kipimwe. Akianzishiwa rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu bila daktari kujua, kiwango hicho huporomoka na seli za mtoaji huamka. Akihitaji damu, inapaswa kuwa imepigwa mionzi. Kundi lake la damu huenda limebadilika likawa la mtoaji, na chanjo za utotoni zimefutika: hurudiwa upya, za virusi hai zikisubiri kama miaka miwili. Barua ya muhtasari na namba ya simu ya daktari aliyepandikiza ni mizigo muhimu kuliko yote sandukuni, na anayesafiri bila kukubaliana kwanza na daktari wa nyumbani atakayempokea amelipia nusu ya tiba.

Hali inabadilika. Nigeria ilimpandikiza mtoto wa selimundu mjini Benin mwaka 2011. Nchini Tanzania, ambako huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2021 kuwapandikiza wagonjwa wa mailoma seli zao wenyewe, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza mwaka 2023 na watoto wa selimundu kwa ushirikiano na wataalamu wa Italia. Mzazi wa mtoto wa aina hiyo nchini humo aanze kuuliza Dodoma kabla ya kuitisha kikao cha michango ya safari.