Kupona jeraha la kichwa si kupona uwezo wa kupanga mambo

KIBAHA ipo kando ya Barabara Kuu ya Morogoro, na Hospitali ya Tumbi, ambayo ni ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, imezoea kupokea majeruhi wa ajali za barabara hiyo. Wilaya jirani ya Kisarawe nayo ina hospitali yake. Wanaohitaji upasuaji wa ubongo hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Majeruhi hupimwa kwanza kiwango cha fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974. Huangaliwa anavyofumbua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo. Alama ya chini ni 3, ya juu ni 15. Hata hivyo, alama 15 hazithibitishi kwamba mtu huyo ataweza kusimamia tena duka au shamba lake.

Uwezo wa kupanga kazi, kujizuia na kubadili mbinu mambo yanapobadilika hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Ukidhurika, mgonjwa hutembea na kuzungumza vizuri, lakini huanza kazi tatu asimalize hata moja, hutumia fedha ovyo na hukasirika upesi. Watu wasiojua humwita mvivu, au husema amerogwa.

Katika kuupima, mtaalamu humtaka mgonjwa aunganishe kwa kalamu namba na herufi kwa kupokezana (1, A, 2, B), ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na arudie namba kinyumenyume.

Tatizo ni kwamba vipimo hivyo vilitungwa kwa watu waliosoma. Mkulima wa Kisarawe asiyejua herufi anaweza kushindwa ilhali ubongo wake ni mzima, na msomi wa Kibaha akafaulu ilhali ameumia. Ndiyo maana watafiti katika Hospitali ya KCMC, Moshi, walivijaribu vipimo viwili vya akili, MMSE na MoCA, kwa Kiswahili miongoni mwa walioumia ubongo, na kutoa matokeo mwaka 2019.

Aidha, ushahidi wa jamaa una uzito mkubwa. Mtaalamu huuliza: kabla ya ajali alikuwa akitunza fedha mwenyewe? Sasa je? Upimaji hurudiwa baada ya wiki au miezi, kwani maumivu, dawa, kukosa usingizi na huzuni huweza kushusha alama.

Dereva wa bodaboda au wa lori asirudi barabarani kabla ya kupimwa, hata kama kidonda kimekauka. Jamaa waandike mabadiliko wanayoyaona na kuyapeleka kliniki. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika mara kwa mara, degedege au usingizi usio wa kawaida ni dalili za kumwahisha hospitali.