Reli ya barua chini ya mitaa ya London

Saa za asubuhi, katika mtaa wa Mount Pleasant, katikati ya London, magari mekundu ya posta hutoka moja baada ya jingine na kuingia kwenye foleni pamoja na mabasi, teksi na baiskeli.

Ukiyatazama, si rahisi kuamini kuwa kwa miaka 75 sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika chini ya ardhi, bila foleni na bila dereva hata mmoja.

Mwaka 2003 njia hiyo ilifungwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa ghali kuliko malori.

Hadithi yake inafaa kusimuliwa, hasa kwa wakazi wa miji kama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, wanaojua vyema maana ya kukwama barabarani.

Chanzo cha tatizo

Msikilizaji wa Afrika Mashariki amezoea kuifuata barua yake posta, kwenye sanduku lenye namba. Uingereza ni posta inayomfuata mtu hadi mlangoni. Kwa hiyo kila mfuko wa barua ulioshuka kwenye treni London ulipaswa kupelekwa upesi kwenye ofisi ya kuchambulia, na kutoka hapo kwenye ofisi nyingine, kabla mtu wa posta hajaanza mzunguko wake.

Mount Pleasant ilikuwa moyo wa kazi hiyo. Zamani palikuwa na jela ya Coldbath Fields, iliyofungwa mwaka 1885. Posta ikayachukua majengo na kuanza kuchambua vifurushi mahali walipokuwa wakifungwa wahalifu.

Lakini kati ya stesheni za treni na ofisi hizo palikuwa na mitaa myembamba iliyojaa mikokoteni ya farasi, na baadaye magari. Ukungu mzito wa London ulizidisha taabu. Barua iliyosafiri usiku kucha kutoka mbali bila kuchelewa ilikwama katika kilomita chache za mwisho.

Jaribio la kwanza la kukwepa mitaa lilianza mwaka 1863. Kampuni moja ilijenga bomba karibu na stesheni ya Euston, na vigari vya mizigo vikasukumwa ndani yake kwa nguvu ya hewa. Gharama ilikuwa kubwa na muda uliookolewa ulikuwa dakika chache tu. Posta ikajitoa, na mwaka 1874 kazi hiyo ikakoma.

Treni zisizo na dereva

Mwaka 1909 serikali iliunda kamati ya kulichunguza jambo hilo upya. Kamati ilipendekeza reli ya umeme chini ya ardhi, na mwaka 1913 Bunge likapitisha sheria ya kuijenga.

Vita Kuu ya Kwanza vilichelewesha mradi. Mahandaki yalikuwa yamekwisha kuchimbwa, lakini hayakuwa na mitambo. Yakatumika kuhifadhi hazina za taifa dhidi ya mabomu ya Wajerumani, likiwemo Jiwe la Rosetta kutoka Jumba la Makumbusho la Uingereza.

Hatimaye, Desemba 1927, treni za kwanza zilianza kubeba vifurushi. Barua zilifuata mwaka 1928.

Njia hiyo ilikuwa na urefu wa kilomita 10 na nusu, kutoka Paddington magharibi hadi Whitechapel mashariki, ikiwa na stesheni 8, kiasi cha mita 20 chini ya mitaa. Reli zake zilipishana kwa sentimita 61 tu.

Ufundi wake ulikuwa wa kupendeza kwa wepesi wake. Stesheni zilijengwa juu kidogo kuliko njia yenyewe. Treni iliyokuwa ikiingia ilipanda mlima mdogo na kupunguza mwendo. Iliyokuwa ikitoka iliteremka na kupata kasi. Mwongozaji aliyekuwa stesheni alipeleka umeme katika kipande kimoja cha njia na kuukata katika kingine, na treni zikatii.

Mifuko iliteremshwa kutoka ofisi za juu hadi kwenye majukwaa. Kwa maneno mengine, uwanja wa kupakia na kupakua, ambao kwa kawaida huziba mtaa mzima, ulihamishiwa chini ya ofisi yenyewe.

Katika miaka yake ya neema reli hiyo ilibeba barua zaidi ya milioni 4 kwa siku, ikifanya kazi saa 22. Huenda barua ya mzazi wa Mombasa au Tabora, akimjulia hali mwanawe aliyekuwa masomoni London, nayo ilipitia humo.

Hesabu ya mwisho

Ni nini basi kilichoiua? Treni zilikuwa bado zinakwenda. Kilichobadilika ni kilichokuwa juu yake. Ofisi za kuchambulia barua zilihamishwa moja baada ya nyingine, na mwaka 1996 kituo kikubwa kipya kilifunguliwa Willesden, mbali na njia hiyo. Kufikia mwaka 2003 ni stesheni 3 tu zilizokuwa zikitumika.

Shirika la posta, Royal Mail, lilisema kusafirisha barua kwa reli hiyo kuligharimu mara 5 zaidi ya barabara. Chama cha wafanyakazi kilijibu kuwa tofauti ilikuwa karibu mara 3, na kwamba hata hiyo ilitokana na kuiacha reli itumike kwa theluthi moja tu ya uwezo wake.

Ubishi huo haukuwa wa wahasibu peke yao. Februari 17 mwaka huo huo, jiji la London lilianza kutoza pauni 5 kwa siku kwa magari yanayoingia katikati ya mji, ili kupunguza msongamano. Kabla miezi 4 haijatimia, Mei 31, reli ya barua ilifungwa, na mizigo yake ikapandishwa barabarani.

Katika vitabu vya posta, lori lilikuwa rahisi. Lakini moshi wake na nafasi linayochukua mtaani havikuandikwa katika vitabu hivyo. Gharama hiyo ililipwa na mpita njia.

Tangu mwaka 2017 sehemu ya njia hiyo imekuwa makumbusho, na wageni hupandishwa treni ndogo kuzunguka chini ya Mount Pleasant.

Somo lake ni kwa kila mji unaojenga njia mpya, iwe ya reli au ya mabasi ya mwendo kasi. Njia hufaa maadamu watu na mizigo bado wanaanzia na kuishia pale inapopita. Waliojenga reli ya barua walilijua hilo, wakaweka stesheni chini ya ofisi. Waliozihamisha ofisi hizo ndio walioifunga reli, miaka mingi kabla umeme wake haujazimwa.